Shajara ya Mradi: Kupanga Taarifa za Hitilafu na Maombi ya Programu ya Likelemba, Lubumbashi

Machi, mwanzoni

Tangu mwezi huu uanze nimekabidhiwa jukumu la kupanga taarifa zote zinazohusu programu yetu, yaani taarifa za hitilafu, maombi ya vipengele vipya na maswali ya watumiaji. Shajara hii inaeleza kazi hiyo inavyokwenda, ili wenzetu walio mbali na mji huu wafuate maamuzi yetu pamoja na sababu zake. Programu yenyewe ni huria, na kazi yake ni kutunza hesabu za vikundi vya likelemba, yaani vya kuchangiana na kupokea kwa zamu, na vya akiba: nani ametoa mchango wake, zamu ya kupokea ni ya nani, nani anadaiwa, na katika fedha iliyopo dola ni ngapi na faranga ni ngapi. Wanaoitumia kwenye simu zao ni watunza hazina wa vikundi vya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, ambazo ni sehemu za mji wa Lubumbashi, wengi wao wakiwa akina mama wafanyao biashara sokoni.

Nilipoipitia rejesta ya tiketi (kumbukumbu yenye namba ya kila hitilafu, ombi au swali) iliyo pamoja na msimbo wetu, niliona kwamba karibu tiketi zote zimefunguliwa na watu wanaojua kuandika programu. Wanaomba maktaba fulani ya msimbo ibadilishwe, majaribio yaongezwe, msimbo upangwe upya. Hayo yote ni ya maana. Lakini watunza hazina, ambao ndio hesabu zinawaangukia, hawamo humo hata kidogo. Taarifa zao zimetawanyika katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp, katika simu za vijana waliowasakinishia programu, na katika mazungumzo ya sokoni ambayo hakuna aliyeyaandika. Anayeisoma rejesta kama ilivyo leo atadhani kwamba programu haina tatizo lolote la hesabu.

Uamuzi wa kwanza ulifuata hapo: taarifa itapokelewa kwa njia ile ile anayoitumia mtoa taarifa, na kazi ya kuifungulia tiketi ni yetu. Tunao mfano wa kale wa kuufuata. Debian ni mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta, na mfumo wake wa kufuatilia hitilafu, ulioandikwa na Ian Jackson mwaka 1994, unaendeshwa kwa barua pepe hadi leo. Mtu hahitaji kujiandikisha wala kuwa na nywila ili aeleze kilichomharibikia, maana anatuma barua na mfumo unaipa namba. Wenzetu wa Katuba hawatumii barua pepe, ila ujumbe wa sauti wanautuma kila siku, na kwa hiyo huo ndio mlango wetu. Kila tiketi itaanza kwa maneno ya mtoa taarifa kama alivyoyasema, bila kusahihishwa, kisha chini yake ndipo yaje maelezo yetu. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu tafsiri ya fundi hubadilika kadiri uchunguzi unavyoendelea, ilhali ushahidi wa awali unapaswa kubaki ulivyo.

Machi, katikati

Tumepunguza lebo za tiketi. Zilizokuwepo zilikuwa nyingi, nyingine zikirudia maana moja kwa majina tofauti, na mtu mgeni hakuweza kujua aweke ipi. Sasa kila tiketi inajibu maswali matatu tu, nayo ni: ni ya aina gani, uzito wake ni upi, na imefikia hali gani. Aina ni hitilafu, ombi au swali. Hali ni mpya, inasubiri maelezo, imethibitishwa, inashughulikiwa, inasubiri kujaribiwa, au imefungwa, na ikifungwa ni lazima sababu iandikwe.

Katika uzito tulijadiliana sana. Ngazi za Debian ni saba: ya juu kabisa ni ya hitilafu inayoharibu mfumo mzima au kupoteza data kwa kiasi kikubwa, na ya chini kabisa ni ya matakwa, ambako maombi ya vipengele huwekwa. Kwa mfumo mkubwa wa uendeshaji mpangilio huo unafaa, lakini mimi siutaki kwetu, kwa sababu unalifanya kila ombi kuwa jepesi kuliko kila hitilafu. Kifungo kilichopinda kwenye skrini ni hitilafu, na kinaweza kungoja mwaka mzima. Ombi la kuwezesha nakala ya akiba ya hesabu ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, ili simu ikiibiwa kikundi kisipoteze kumbukumbu zake zote, haliwezi kungoja hivyo. Kwa hiyo aina na uzito tumevitenganisha. Uzito wa juu unapewa jambo lolote linalogusa fedha za watu au siri zao, wa kati unapewa kazi inayokwama ingawa ipo njia nyingine ya kuifanya, na wa chini unapewa mambo ya sura na urahisi.

Jambo la pili lililohitaji kutenganishwa ni uzito na kipaumbele. Bugzilla, programu ya kufuatilia hitilafu iliyoanza kutumika katika mradi wa Mozilla mwaka 1998, ina sehemu mbili tofauti kwa mambo hayo. Uzito unaeleza madhara kwa mtumiaji na haubadiliki kwa sababu fundi ana shughuli nyingine. Kipaumbele kinaeleza tutaanza na nini, na hicho kinategemea nguvu tulizonazo wiki hiyo. Anayeshusha uzito wa tiketi kwa kuwa hana muda wa kuishughulikia anaifanya rejesta iseme uongo.

Machi, mwishoni

Taarifa iliyochukua muda wetu mwingi kuliko zote imefika, nami naieleza kwa urefu kwa kuwa kanuni kadhaa za rejesta zimetokana nayo. Mtunza hazina wa kikundi kimoja cha Katuba alituma ujumbe wa sauti: «Mwana, programu yenu inakula makuta ya bamama.» Alimaanisha fedha za akina mama. Hakusema zaidi. Picha ya skrini aliyoituma baadaye ilionyesha jumla ya mzunguko uliokwisha, na jumla hiyo ilikuwa ndogo kuliko fedha ambayo mwanachama aliyekuwa na zamu alikabidhiwa mkononi mbele ya wenzake wote.

Nilimpigia. «Mama, samahani kwa usumbufu, utusomee mistari ya daftari lako pamoja na tarehe zake.» Alisoma polepole, mstari kwa mstari, na kila aliposoma mchango wa dola alitaja pia faranga zake, kwa kuwa kikundi hicho huandika kiwango cha kubadilishia cha siku ile pembeni mwa mchango. Kiwango hicho ndicho kilichotupa njia. Tulichukua simu ya majaribio, tukaunda kikundi cha wanachama 20, kila mmoja akitoa dola 10, na tukaweka kiwango cha faranga 2,850 kwa dola moja. Jumla ikawa faranga 570,000, sawa kabisa. Kisha tukabadilisha kiwango kuwa 2,800, kama ambavyo mtunza hazina angefanya wiki inayofuata, na tukaufungua tena mzunguko wa zamani. Skrini ikaonyesha 560,000. Faranga 10,000 hazikuonekana tena, ingawa hakuna aliyeongeza wala kufuta mchango wowote.

Sababu ilijulikana upesi. Programu huhifadhi mchango katika sarafu uliyotolewa, dola au faranga, pamoja na tarehe, lakini kiwango cha kubadilishia huhifadhiwa kimoja tu kwa kikundi kizima, na hukitumia kila inapoonyesha ripoti. Kiwango kikibadilika leo, hesabu za mwezi uliopita nazo zinabadilika. Kiwango kikipanda, jumla ya zamani inanenepa. Kikishuka, inapungua, na hapo ndipo watu wanaanza kumtazama mtunza hazina.

Mmoja wa watengenezaji alishikilia kwamba jambo hili ni ombi la kipengele. Hoja yake ilikuwa na msingi: mwongozo hausemi popote kwamba kiwango cha kila siku kitahifadhiwa, msimbo unafanya kile ulichoandikiwa kufanya, na hakuna jaribio linaloshindwa. Mimi niliandika kwenye tiketi kwamba ni hitilafu yenye uzito wa juu. Mwongozo ni kipimo cha kwanza cha kutenganisha hitilafu na ombi, na mara nyingi unatosha; lakini mwongozo unaponyamaza, inabidi tuulize mtumiaji ana haki ya kutarajia nini kutoka kwa kitu cha aina hii. Programu inayojiita daftari la hesabu imeahidi, hata bila kuandika, kwamba mstari wa jana hautabadilika leo. Na madhara yake si ya skrini peke yake: mama yule alikuwa anakaribia kuonekana mwizi mbele ya watu ambao ameshika fedha zao kwa miaka. Uzito wa hitilafu tutaupima kwa kile inachomfanyia mtu aliyeshika simu. Baada ya kusikiliza ujumbe wa sauti wenyewe, mwenzetu alikubali.

Tiketi hiyo tuliigawa mara mbili. Ya kwanza, hitilafu, inataka kila mchango uhifadhiwe pamoja na kiwango cha siku yake, jambo linalohitaji safu mpya katika hifadhidata na hatua ya kuhamisha kumbukumbu za zamani. Ya pili, ombi, inataka skrini ambayo mtunza hazina ataingiza viwango vya siku zilizopita kutoka katika daftari lake la karatasi, kwa kuwa programu haikuvihifadhi na hakuna ujanja wa kuvipata. Zote mbili zimeunganishwa kwa namba, lakini kila moja ina mwisho wake, na mtu anaweza kuimaliza moja bila kungoja nyingine.

Aprili

Baada ya kuifungua tiketi ya kiwango nilirudi katika ujumbe wa zamani na kukuta taarifa kadhaa za tatizo lile lile zikiwa zimevaa nguo tofauti. Kutoka Kenya walisema ripoti hailingani na daftari. Kutoka Ruashi walisema mwanachama mmoja ana deni ambalo hakukopa. Kutoka Kamalondo walilalamika kwamba programu inachelewa kuonyesha michango, na kumbe walikuwa wakingoja jumla irudi kuwa ile waliyoizoea. Tiketi za namna hii hatuzifuti. Tunazifunga kama rudufu na kuziunganisha na tiketi mama, kwa sababu kila moja ina kipande ambacho nyingine hazina: aina ya simu, toleo la programu, siku ambayo tofauti ilionekana. Ile ya Ruashi ndiyo iliyotuonyesha kwamba hata salio la mikopo linapitia hesabu ile ile, jambo ambalo taarifa ya Katuba haikuligusa kwa kuwa kikundi chao hakikopeshi.

Idadi ya rudufu, hata hivyo, hatuitumii kupanga kipaumbele. Vikundi vyenye kijana anayejua simu hutuma taarifa nyingi, na vile visivyo naye hunyamaza hata vinapoumia. Kwa sababu hiyo mmoja wetu amepewa kazi ya kuvipigia vikundi vilivyo kimya na kuuliza.

Maombi yana ugumu wake. Mtu anapoomba kipengele huwa ameshafikiria suluhisho, na tiketi inaandika suluhisho lile huku haja yenyewe ikibaki haijasemwa. Ombi linalorudiwa kuliko yote ni la kifungo cha kufuta mchango. Tukilichukua kama lilivyo, tutampa kila mwenye simu uwezo wa kuondoa mstari wa hesabu bila kuacha alama, na hakuna kikundi kitakachoiamini programu tena. Sasa kwa kila ombi tunauliza mambo matatu kabla ya kulithibitisha: ni nani anayelihitaji, jambo hilo linamtokea wakati gani, na kwa sasa analimaliza vipi. Majibu ya kifungo cha kufuta yalikuja wazi. Mtunza hazina anapokea michango kwa haraka siku ya mkutano, anagusa jina lisilo lake, na anataka kurekebisha. Kwa sasa anaandika mchango wa uongo wa kiasi kile kile kwa upande wa kutoa ili hesabu zilingane. Haja yake ni kusahihisha, na wahasibu wanayo njia ya siku nyingi: ingizo la kwanza linabaki, na chini yake linaandikwa ingizo la kulibatilisha, pamoja na sababu na tarehe. Kichwa cha tiketi kimebadilishwa kifuate haja, na maneno ya awali yamebaki chini.

Tumeamua pia kwamba ombi lisiloweza kusemwa limekwisha lini halitathibitishwa. Mfano maarufu ni tiketi ya kwanza ya Ubuntu, mfumo mwingine huria wa uendeshaji, iliyofunguliwa na mwanzilishi wake Mark Shuttleworth mwaka 2004 ikisema kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko. Aliifunga mwenyewe mwaka 2013. Kama tamko la nia ilikuwa na kazi yake. Katika rejesta ndogo kama yetu, tiketi inayosema «programu iwe rahisi zaidi» inakaa tu, kila mtu akiipita. Tunamrudia mwombaji na kumwuliza ni skrini ipi iliyomshinda mara ya mwisho, na hapo tiketi halisi inazaliwa, wakati mwingine mbili.

Ombi la kuhesabu riba ya mikopo kwa fomula ya benki limekataliwa. Lilitoka kwa mchangiaji wa mbali, limeandikwa vizuri, na hata msimbo wake ulikuwa tayari. Lakini hakuna kikundi hata kimoja tunachokifahamu kinachohesabu hivyo, na kila mstari wa msimbo tunaoupokea tutautunza sisi. Jibu limeandikwa kwa ukamilifu na kwa shukrani, likieleza sababu na kumwonyesha tiketi tatu ambazo ujuzi wake ungefaa zaidi. Ameichukua moja.

Mei

Suala la siri limechukua nafasi kubwa kuliko nilivyotarajia. Picha za skrini zinazotumwa na watunza hazina zina majina ya wanachama, namba zao za simu na kiasi ambacho kila mmoja amebakiza. Rejesta yetu iko wazi kwa dunia nzima. Kuanzia sasa hakuna picha inayopandishwa kabla majina na namba hazijazibwa, na kuziba huko hufanyika kwenye simu ya aliyeipokea, si baada ya kuipandisha, kwa kuwa kilichokwisha kuwekwa hadharani huenda mtu ameshakichukua. Pale inapowezekana tunaacha picha kabisa na kuunda kikundi cha mfano chenye hesabu zinazoonyesha tatizo lile lile. Hitilafu za usalama zinaandikwa mahali pa faragha, zinarekebishwa, na maelezo yake hutolewa hadharani baada ya toleo jipya kuwafikia watumiaji.

Kulikuwa na pendekezo la kuweka roboti ya kufunga tiketi zisizoguswa kwa muda fulani, kama miradi mingi inavyofanya. Nimelipinga, na limeachwa. Ukimya wa mtoa taarifa wetu mara nyingi una maana ya kwamba hana vocha, au umeme umekatika mtaani kwake, na hitilafu yake bado ipo pale pale. Tiketi inayosubiri maelezo itapigiwa simu na mtu. Ikiwa baada ya hapo hatuwezi kuizalisha tena hitilafu kwenye simu ya majaribio, itafungwa kwa sababu hiyo, na mtoa taarifa ataambiwa kwamba anaweza kuifungua tena wakati wowote.

Maswali nayo yamezaa matunda. Tiketi za aina hiyo tulizichukulia kama mzigo, lakini zilipokusanywa pamoja ilionekana kwamba nyingi zinahusu skrini moja, ile ya kufunga mzunguko. Mwongozo wa skrini hiyo umeandikwa upya.

Juni, mwanzoni

Marekebisho ya kiwango yamekamilika na yako katika hali ya kusubiri kujaribiwa. Hatua hii tumeiiga kutoka kwa Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand, ambako kiraka, yaani badiliko la msimbo, hakipokelewi mpaka mtu mwingine asiye mwandishi wake akijaribu na kukitia sahihi, na wakutubi wasiojua kuandika msimbo wanaweza kuifanya kazi hiyo. Kwetu, anayetia sahihi ni mtunza hazina. Mama wa Katuba alikaa na daftari lake upande mmoja na simu upande mwingine, akaingiza viwango vya mizunguko yake ya zamani, kisha akabadilisha kiwango cha leo makusudi mara kadhaa na kuangalia kama jumla za nyuma zitatikisika. Hazikutikisika. Aliuliza kwa nini kiwango kilichohifadhiwa hakionekani kwenye mstari wa mchango, kama anavyokiandika yeye pembeni, na hilo limefunguliwa kuwa ombi jipya lenye jina la kikundi chake kama chanzo.

Tiketi mbili zinabaki wazi kwa toleo hili. Ombi la kuchapa risiti kwa printa ndogo ya Bluetooth limethibitishwa, ila hakuna kati yetu aliye na printa ya namna hiyo, na hatutaandika msimbo tusioweza kuujaribu. Ya pili ni ya kikundi cha Ruashi ambacho kurasa kadhaa za daftari lao ziliharibiwa na mvua, kwa hiyo viwango vya siku hizo havipo popote. Tumekubaliana kwamba programu isikisie. Michango ya siku hizo itaonyeshwa katika dola tu, ikiwa na alama kwamba kiwango chake hakijulikani, na haitaingizwa katika jumla ya faranga. Msimbo wa alama hiyo umeandikwa. Tiketi itafungwa pale mtunza hazina wao atakapoiona skrini hiyo kwenye simu yake mwenyewe na kuikubali mbele ya kikundi.